Jina la Ukoo

Fomu ilikuwa ya kumwandikisha binti yangu darasa la kwanza. Mistari ya mwanzo ilikuwa ile ile tuliyoizoea: jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo. Nimeijaza mistari hiyo maisha yangu yote bila kusita. Jina langu, jina la baba, jina la babu mzaa baba. Karani anagonga muhuri, mambo yamekwisha. Siku hiyo mama yangu alikuwa ameketi mkekani barazani, nyumbani kwetu Mtwara, anabangua korosho zilizokwisha kuchomwa. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa majivu aliyojipaka ili mafuta ya ganda yasimbabue. Aliona kalamu yangu imetulia, akaniuliza wanataka nini hapo.

"Jina la ukoo, mama."

"La nani?"

"La mtoto."

Akagonga korosho moja kwa jiwe, akaitoa nzima, akaiweka kwenye ungo. "Basi mpigie mama yake. Mimi ukoo wa huyu sina."

Hakusema kwa ubaya. Binti yangu hulala naye kitanda kimoja, humfuata sokoni, humsimulia ndoto zake kabla hajatusimulia sisi. Mama alikuwa anasema jambo ambalo kwake halina ubishi, kama maji kupwa na kujaa. Ukoo hupita kwa mwanamke. Yeye aliupata kwa mama yake, huko Msimbati, akatupa mimi na dada zangu. Dada zangu wameupeleka mbele kwa watoto wao. Kwangu mimi umefika, ukasimama.

Nikampigia mke wangu. Yeye ni wa Rombo, Kilimanjaro, na huko jina la ukoo ni jina kweli: Mushi ni Mushi, Massawe ni Massawe, Tarimo ni Tarimo, kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, na mtu akitaja jina lake wenzake wanajua mara moja ametoka kwa nani. Hakulielewa hata swali. "Ukoo wa mtoto ni wa baba yake," aliniambia. "Kwani ninyi hamna?"

Hivyo ndivyo binti yangu, mwenye miaka sita, alivyojikuta katikati. Kwa hesabu ya mama yangu yeye ni wa Rombo. Kwa hesabu ya Rombo yeye ni wa kwetu. Kila upande unampenda, na kila upande unamnyooshea kidole kuelekea upande wa pili. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa na Msukuma, ana kinyume chake: wanawe wanadaiwa na koo mbili, na likizo ikifika hawajui waende Magu au waje Mtwara. Mambo haya hayasababishi ugomvi. Lakini tangu siku ile ya fomu nimeshindwa kuliona neno ukoo kama nilivyokuwa nikiliona.

Kwanza nikauangalia ule mstari wa tatu wenyewe. Pwani yetu watu huitwa kwa mnyororo wa bin na binti: fulani bin fulani bin fulani. Ni utaratibu uliokuja na Uislamu na tumeuzoea hata wasio Waislamu. Lakini mnyororo huo husogea. Katika majina matatu ya binti yangu, jina la babu yangu halimo tena. Limesukumwa nje na jina langu. Tunachokiandika kwenye fomu kama jina la ukoo ni jina la babu mmoja tu, na baada ya vizazi viwili linafutika. Kwa mtu wa Rombo mstari ule una maana. Kwa mtu wa Mtwara, ukoo wa baba hauko pale, na wa mama hauko kabisa.

Kuna neno la Kilatini nililolikuta nikiwa mwanafunzi, katika kitabu cha Engels cha 1884 kuhusu asili ya familia, na halijanitoka hadi leo: gens. Hilo ndilo neno la Warumi kwa ukoo, watu wanaojihesabu kuwa wametoka kwa babu mmoja na wanaobeba jina moja. Mzizi wake ni wa kuzaa. Mrumi mwenye hadhi yake alikuwa na majina matatu kama sisi, ila la ukoo lilikaa katikati. Gaius Julius Caesar: Gaius ni lake mwenyewe, Julius ni la ukoo, Caesar ni la tawi ndani ya ukoo huo, tungesema la mlango. Mabinti walibaki na la ukoo peke yake. Kila binti wa akina Julius aliitwa Julia, na wakiwa wawili wakatofautishwa kwa mkubwa na mdogo. Akiolewa aliendelea kuwa Julia, lakini aliowazaa walikuwa wa ukoo wa mumewe. Mwanasheria Ulpianus, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3, aliliweka wazi jambo hili: familia ya mwanamke huanza kwake na kuishia kwake.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikakaa kimya. Bibi zangu wa Msimbati wangesema maneno hayo hayo, ila wangeyasema juu ya mwanamume.

Neno gens lina safari ndefu. Mwaka 1877 Mmarekani Lewis Henry Morgan, mwanasheria wa Rochester, New York, alitoa kitabu kikubwa kuhusu jamii za kale. Alikuwa amekaa miaka mingi akijifunza kwa watu wa Iroquois, ambao kwao ukoo hupita kwa mama. Alipotafuta neno la kuuita ukoo huo akachukua lile la Warumi, akasema gens ya mama ndiyo iliyotangulia na ya baba ikafuata. Engels akalipokea kwake. Baadaye wasomi wa Marekani wakaona neno halikai vizuri. Wakakubaliana kwamba gens iwe ya upande wa baba, na neno clan lichukue upande wa mama. Mwaka 1920 Robert Lowie akaona hata hivyo kuna mkanganyiko, akayaacha yote mawili, akafufua neno la kale la Kiingereza, sib. Miaka zaidi ya 40 watu wazima, wenye vitabu na vyeo, wanahangaika kwa sababu neno walilokodi lilikuja na mwenye nyumba ndani yake, naye ni baba.

Hilo clan nalo ni la Kilatini, kwa njia ya mzunguko. Waingereza walilipata kwa Wagaeli wa Uskoti, ambao kwao clann ni watoto, uzao. Wagaeli walilichukua zamani kutoka planta, mche wa kupandwa. Lugha yao wakati ule haikuwa na sauti ya p, wakaweka k mahali pake, kama kila lugha inavyompokea mgeni kwa kumvika nguo za nyumbani. Kwa hiyo ndani ya clan hamna baba wala mama. Kuna mche.

Ningeruhusiwa kuchagua, ningechagua hilo la mche, na sababu yangu iko mlangoni mwa Ruvuma. Mto unapokutana na bahari, kusini mwa Msimbati, mikoko imefunga ukingo wote. Mbegu ya mkoko haianguki ikiwa mbegu. Huota ikiwa bado imeshikwa na mti ulioizaa, ikarefuka kama kijiti cha kijani, na siku inayodondoka tayari ni mche. Maji yakiwa yamepwa hujichoma palepale topeni, chini ya mamaye. Yakiwa yamejaa huelea na kuchukuliwa, mingine upande wetu, mingine upande wa Msumbiji, hadi ipate pa kusimama. Nilipokuwa mtoto tulivirusha vijiti hivyo kama mikuki. Mjomba alitukataza. Alisema hawa ni watoto, wanakwenda kwao.

Nimesema mjomba, na hapa lazima nitulie, maana bila mjomba hakuna kinachoeleweka. Wamakonde wa upande wetu wa mto huuita ukoo litawa, wingi wake matawa. Ng'ambo, kwenye uwanda wa juu wa Mueda, wenzao husema likola. Wamakua wa Masasi, na wale walioenea kaskazini mwa Msumbiji, wana nihimo. Yote hupita kwa mama. Watu wawili wa nihimo moja hawaoani hata kama mmoja amezaliwa Masasi na mwingine Nampula na hawajawahi kuonana, kwa sababu wao ni ndugu. Na jambo linalonigusa zaidi ni kwamba hakuna hata kimojawapo kinachokaa kwenye majina ya kuandikiwa fomu. Ukisikia jina langu lote hutajua litawa langu. Itabidi uniulize, nami itabidi nikujibu, na kwa kuulizana huko tunakuwa tumekwisha kuketi pamoja.

Mwanamume mwenye sauti juu ya mtoto katika utaratibu huu ni kaka wa mama. Kimakonde anaitwa njomba. Yeye ndiye aliyekuwa akishughulikia jando la mpwa wake, yeye husimama kwenye posa, yeye huitwa mpwa akifanya kosa. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba palikuwa na pepo ya wanawake huku kusini. Wanaume waliamua mengi, ila waliamua wakiwa kaka, sio wakiwa waume. Na uamuzi wao ulikuwa na upande wa giza. Katika karne ya 19, biashara ya watumwa ilipokuwa ikiteremka kutoka bara hadi bandari ya Mikindani, mjomba aliweza kumtoa mpwa wake kufidia deni au kosa la ukoo. Na mwanamke aliyetekwa akaletwa ugenini alizaa watoto wasio na upande wa mama wa kuwadai, kwa kuwa wajomba zao walibaki mbali wasikojua pa kuwatafuta. Watoto hao walikuwa wa bwana. Utumwa kwetu ulikuwa na maana hiyo kabla ya maana ya minyororo: mtu kukatwa na kukeni kwake.

Warumi nao walilijua hilo kwa njia yao. Mtumwa wao akiachwa huru alipewa jina la ukoo wa bwana. Tiro, mwandishi wa Cicero, alitoka utumwani akiwa Marcus Tullius Tiro, Tullius kama bwana wake. Na neno familia, ambalo leo tunalitumia Kiswahili kana kwamba lilizaliwa Tanga, limetokana na neno lao la mtumishi wa nyumbani. Hao waliokuwa chini ya amri ya mwenye nyumba ndio familia. Kila nikilisikia kwenye mahubiri na kwenye redio, familia hii familia ile, nakumbuka hilo na kupendelea kusema jamaa, au ndugu, au watu wa nyumbani. Kila mtu na masikio yake.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakitokea Unguja. Safari ilikusudiwa kuendelea hadi nchi ya Wayao karibu na Ziwa Nyasa, lakini wakakaa hapo. Huwa nawafikiria watu hao jioni yao ya kwanza, chini ya milima ya mawe ya Masasi, wakiulizwa na wenyeji Wamakua swali la kawaida kabisa analoulizwa kila mgeni. Wewe ni wa nihimo gani? Wengine walichukuliwa wakiwa wadogo mno kulijua jibu.

Sasa nilirudishe neno nyumbani. Wingi wa ukoo ni koo. Na koo, kwa yeyote aliyefuga, ni jike lililokwisha kuzaa: kuku koo, mbuzi koo. Sikio langu haliwezi kuyatenganisha maneno hayo mawili. Mama akisema "usimchinje huyo, ni koo", na mzee akisema "koo zetu zimetoka mbali", nasikia kitu kimoja, kitu chenye uzao nyuma yake na mbele yake. Kiswahili hakikumfungia baba ndani ya neno hili. Kimeweka milango miwili, kuumeni na kukeni, na kila mtu anaingia kwa mlango wa kwao. Mwenye ndugu wa mama mmoja husema sisi ni tumbo moja, na hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi. Aliyeufunga mlango mmoja ni karatasi. Hata sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 ziliandikwa kwa kufuata desturi za jamii zenye ukoo wa baba, kwa kuwa ndizo nyingi nchini. Sisi wa kukeni tukabaki na wazee wetu na mikeka yao.

Baba yangu alikuwa mtu wa Tandahimba, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji yalikuwa yakifuatwa mabondeni kwa miguu. Karl Weule, Mjerumani aliyepita huko mwaka 1906, aliandika hadithi ya asili ambayo wazee wa Kimakonde wameendelea kuisimulia. Mtu wa kwanza aliishi porini peke yake. Akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaisimamisha, na usiku ikawa mwanamke hai. Wakazaa karibu na mto Ruvuma, mtoto akazaliwa mfu. Wakahamia kwingine, wakazaa, naye akazaliwa mfu. Wakapanda hadi uwandani, na huko mtoto akaishi. Ndiyo maana, wanasema, Wamakonde walikaa mbali na maji. Baba alipenda kutusimulia hadithi hiyo tukiwa tumerudi na ndoo vichwani, kama anatuomba radhi kwa niaba ya mababu. Mimi nilipokua nikaona kitu kingine ndani yake. Huyo mtu wa kwanza hana watu. Uzao unaanza siku anapopatikana mama.

Baba alipofariki, mzee aliyesimamia mazishi aliuliza kabla ya yote, "Wenye mtu wamefika?" Sisi wanawe tulikuwa tumekaa pale pale, macho yamevimba. Swali halikutuhusu. Wenye mtu ni wana wa dada yake, na walikuwa njiani kutoka Newala. Tukasubiri. Walipofika wakakaa mbele, wakaulizwa, wakajibu, shughuli ikaanza. Mke wangu, aliyekuwa mgeni wa mambo haya, alinitazama kwa uchungu kwa niaba yangu. Kwao mtoto wa kiume hutangulia. Sikuwa na uchungu huo siku ile. Nilijua kwamba siku yangu ikifika, watoto wa dada zangu wataulizwa hivyo hivyo, na kwamba watakuwa njiani.

Uchungu ulikuja baada ya arobaini, nao ulikuwa juu ya mikorosho. Baba alikuwa amepanda miti yake kwenye shamba alilopewa na mjomba wake. Ardhi ilikuwa ya litawa lake, yaani ya hao binamu zangu. Muhogo haukuwahi kuleta tatizo katika desturi hii, kwa sababu muhogo ukivunwa hesabu imekwisha na ardhi inarudi kwa wenyewe. Mkorosho huzaa miaka 30 na zaidi. Aliyeupanda anazeeka, anakufa, na mti unaendelea kutoa mabibo kila mwaka kana kwamba haujasikia habari. Wareno waliuleta kutoka Brazil, ukakubali udongo wetu kuliko hata kwao, na taratibu ukaanza kuibadilisha maana ya ukoo kusini nzima. Baba mwenye mikorosho 200 anamwangalia mwanawe anayempalilia, kisha anamkumbuka mpwa wake aliye mbali, na moyo unagawanyika. Sidhani kuna mhubiri wala afisa aliyeuvuta ukoo wa Mmakonde kuelekea kwa baba kwa nguvu kama mti huu.

Binamu yangu mkubwa alikuja jioni moja, akakaa nami barazani. Tulikunywa chai bila kusema. Kisha akasema, "Miti ni yenu. Mjomba aliipanda nanyi mkichota maji. Ardhi tutaizungumza tukiwa hai, tusiwaachie watoto." Tumeizungumza mara nyingi tangu wakati huo na hatujamaliza. Kila msimu, Oktoba hadi Desemba, tunavuna, na kila msimu gunia moja linakwenda Newala kwa shangazi bila mtu kulitaja. Nimejaribu kufikiri lile gunia lingeitwaje kwenye karatasi za mirathi. Halina jina huko.

Hata mto wetu, Ruvuma, ulifanywa mpaka kwa karatasi na watu wasioujua. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma ndio utakaowagawa. Mwaka 1894 Wajerumani wakavuka wakaichukua pembe ya Kionga, kusini mwa mlango wa mto. Mwaka 1916 Wareno wakaitwaa, na mkataba wa 1919 ukawaachia. Kwa miaka hiyo watu wa Kionga walibadilishiwa bendera na litawa likabaki lilelile. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza 1964, waliovuka kuja huku hawakufika kwa wageni. Na Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa, watu walikimbilia tena kwenye mto huu. Safari hii walikuta ukingoni maswali ya uraia na vitambulisho, maswali yenye mistari mitatu. Mama yangu alikuwa na swali lake moja tu, na alikuwa anamuuliza kila aliyesikia ametoka ng'ambo: bibi yako mzaa mama alikuwa nani?

Ng'ambo hiyo ndiko gens ilikofika mwisho wa safari yake. Wareno walilirithi likiwa gente, na maana yake kwao ni watu, watu tu, bila ukoo wowote. Katika mazungumzo ya kila siku wanasema "a gente" wakimaanisha sisi. Neno lililowahi kuwatenga akina Julius na akina Cornelius, leo mchuuzi wa Mocímboa analitumia kusema sisi twende. Warumi wenyewe walikuwa wamekwisha kulipanua. Wingi wake, gentes, ulikuja kuwa mataifa. Paulo tunayemwita Mtume wa Mataifa, katika Kilatini ni mtume wa hizo gentes. Na sisi tuna safari inayofanana nayo: kule Mombasa, taifa lilikuwa kundi la watu wa asili moja ndani ya mji, na makundi yale 12 yakaitwa Thenashara Taifa, kabla neno halijakua likatosha kubeba wimbo na bendera. Nalipenda neno taifa kwa sababu najua lilianzia mahali padogo, ambapo watu walijuana kwa majina.

Serikali yetu haijauliza kabila katika sensa tangu 1967, nami naona ilifanya vizuri. Sitaki litawa langu liingizwe kwenye kitambulisho. Mwaka 212 Mfalme Caracalla aliwapa uraia watu huru wa dola yote ya Roma, nao wakachukua jina la ukoo wake, Aurelius. Wakawa akina Aurelius wengi mno kiasi kwamba jina halikumwambia mtu chochote. Hicho ndicho ninachokihofia, ukoo kuwa kitu cha kujazwa. Lakini nahofia zaidi kwamba watoto wetu, waliosomeshwa na mstari ule wa tatu, wataamini kwamba ukoo ni jina la babu yao mmoja, na kwamba ng'ambo ya babu hakuna watu, na kwamba mama alikuja tu kutoka mahali fulani.

Fomu niliijaza. Niliandika jina la babu mzaa baba, kama siku zote, karani akaipokea. Lakini jioni ile mama hakuridhika. Aliosha majivu mikononi, akaniagiza nimpigie tena mke wangu, akaichukua simu mwenyewe.

"Mwanangu, mama yako anaitwa nani? La kuzaliwa. Na mama yake? Na mama yake huyo?"

Mke wangu alifika wa pili akakwama. Akampigia mama yake Rombo, simu mbili zikawekwa spika, na wazee wawili ambao hawajaonana ila siku ya harusi wakaanza kuitana "dada" juu ya kelele za mtandao. Binti yangu alikuwa amelala kifudifudi mkekani na daftari lake jipya. Kila jina lililotajwa aliliandika, kwa herufi kubwa, moja chini ya jingine. La mama yake. La bibi wa Rombo. La mama wa bibi wa Rombo. Alipofika wa nne, sauti ya Rombo ilisita. Yule mama yake, alisema, sisi tulimjua kwa jina la mwanawe wa kwanza tu, mama fulani. Jina lake mwenyewe sikuwahi kulisikia likiitwa.

Pakawa kimya pande zote mbili. Mtoto aliinua kalamu, akamtazama bibi yake.

"Acha nafasi," mama yangu akamwambia.